"Eight o'clock" Siyo Saa Nane

Tuchukue mfano wa askari aliye kambini Jinja, ambaye mkewe na watoto wanakaa Mbale. Kadi ya kliniki ya mtoto imeandikwa: "Come at eight o'clock." Mama ajua kuwa "eight" ni nane, basi afika saa nane za mchana. Akuta foleni imekwisha tangu asubuhi, na mtoto mwenye homa arudi nyumbani bila ya kutazamwa. Mama huyu hakuzembea. Alikosa tu kufahamu neno "o'clock".

Sisi huhesabu saa za mchana tangu mapambazuko, na Waganda nao hufanya vivyo hivyo. Mwingereza huanza kuhesabu saa sita za usiku, kisha huanza tena saa sita za mchana. Kwa hiyo tofauti ni saa sita daima. Ukiona "seven" hadi "twelve", toa sita: "eight o'clock" ni saa mbili. Ukiona "one" hadi "six", ongeza sita: "two o'clock" ni saa nane.

Yafaa pia kukumbuka kwamba neno letu "saa" lina kazi nyingi, lakini Kiingereza huzigawa. "O'clock" hutaja wakati, na "hours" hutaja muda. "I waited for six hours" maana yake ni nilingoja muda wa saa sita. "I came at six o'clock" maana yake ni nilikuja saa kumi na mbili.

Tena, "o'clock" hutumika kwa saa kamili tu. Saa moja na nusu ni "seven thirty", wala haiongezwi "o'clock". Jeshini nako, saa moja ya jioni huandikwa 1900, na husomwa "nineteen hundred hours", bila ya "o'clock".

Tangu mwaka 2005 Katiba ya Uganda imekitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, baada ya Kiingereza. Hesabu zote mbili tutaendelea kuzitumia. Basi, ndugu askari, umwandikiapo mkeo habari za safari, usiandike "two o'clock" peke yake. Ongeza: "yaani saa nane za mchana." Nawe mama, upewapo kadi, uliza papo hapo: "Ni asubuhi au mchana?" Kuuliza si aibu.