Masafa ya Angani na Muda wa Safari

Aghalabu watu wa Kavimvira, huko Uvira nchini Kongo, hupima safari kwa saa kuliko kilomita, na wana haki: uwanja wa ndege wa Bujumbura, ulio ng'ambo ya mto Ruzizi nchini Burundi, uko kama kilomita 20 tu kwa mstari ulionyooka, ilhali foleni ya mihuri ya mpakani yaweza kumaliza asubuhi nzima. Ikiwa masafa mafupi namna hii hayatoi yakini ya muda, je, masafa ya baina ya kisiwa na kisiwa?

Na tutwae, mathalani, uwanja wa Zanzibar na ule wa Mahé katika Shelisheli. Zanzibar iko kwenye longitudo ya digrii 39.2 mashariki na Mahé digrii 55.5, zote mbili kusini ya Ikweta kwa digrii chache. Na kwa kuwa digrii moja ya longitudo karibu na Ikweta ni kama kilomita 111, tofauti ile ya digrii 16.3 hutupa kilomita 1,800 na ushei. Marubani huhesabu kwa maili ya baharini, yenye mita 1,852, ambayo asili yake ni sehemu moja katika 60 za digrii. Kwao masafa hayo ni maili 980 hivi.

Jeti iendayo maili 450 kwa saa ingeyamaliza kwa saa mbili na dakika kumi. Lakini kwa kuwa hutambaa kwanza uwanjani, hupanda kidogo kidogo, kisha hupunguza mwendo kabla ya kutua, yafaa kuongeza nusu saa. Fauka ya hayo kuna upepo: ukiikabili ndege kwa maili 50 kwa saa njia nzima, huichelewesha kama dakika 16, na ukiisukuma kwa nguvu zile zile huiokolea dakika 13 tu, hata anayekwenda na kurudi siku moja hafidiwi alichopoteza.

Kadhalika saa zenyewe hutofautiana kwa amri ya serikali kuliko kwa jua. Jua hufika utosini Kigoma dakika mbili tu kabla ya Uvira, lakini saa ya Tanzania imetangulia ya Uvira na Bujumbura kwa saa nzima, nayo ya Shelisheli imeitangulia ile ya Uvira kwa saa mbili, yaani ya Tanzania kwa saa moja. Kwa hiyo ndege iliyoondoka Zanzibar saa nne asubuhi, ikasafiri kwa saa mbili na dakika 40, hutua Mahé saa saba na dakika 40 kwa saa ya huko. Mwenye kutoa hesabu ovyo hudhani amekaa angani saa nzima zaidi, na katika kurudi hudhani ndege imeruka kwa kasi ya ajabu.

Basi anayeshika tikiti na azigeuze nyakati zote mbili ziwe za saa ya mji mmoja, ndipo atoe moja katika nyingine. Na ikiwa atabadili ndege njiani, ahesabu kila kipande peke yake, pamoja na muda wa kungoja.