Swichi ya Ufunguo ya Pikipiki Inaposumbua: Pima Kabla ya Kununua

Swichi ya ufunguo ya pikipiki iliyotumika miaka mingi hulika taratibu, kwa kuwa huzungushwa mara nyingi kila siku. Kwa mwendesha bodaboda wa Kikatiti, kasoro hiyo si usumbufu mdogo. Injini inayozimika ghafla katika barabara kuu ya Arusha–Moshi, nyuma yake kukiwa na lori, huhatarisha maisha ya mwendeshaji na ya abiria wake. Aidha, pikipiki ikilala kwa fundi, hesabu ya mwenye chombo haisubiri.

Hata hivyo, si kila pikipiki inayogoma kuwaka ina swichi mbovu. Ili mtumiaji asilipie kifaa asichokihitaji, tunashauri afuate hatua zifuatazo, peke yake au akiwa na fundi wake.

1. Anza na betri na fyuzi. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imepumzika, husoma takribani volti 12.6. Ikisoma chini ya 12, ichajiwe kwanza. Kagua vichwa vya betri kama vimelegea au vina kutu, kisha tazama fyuzi. Fyuzi mpya ikiungua tena, ipo shoti inayopaswa kutafutwa. Usiweke kipande cha waya mahali pa fyuzi.

2. Geuza usukani. Pikipiki ikiwa kwenye stendi na gia ikiwa nyutro, washa swichi, kisha zungusha usukani kushoto na kulia. Taa ya nyutro ikikatika usukani unapogeuka, shuku waya uliokatika shingoni. Ikikatika unapotikisa ufunguo, shuku swichi yenyewe.

3. Pima swichi. Ondoa kwanza waya hasi wa betri, kisha chomoa soketi ya swichi. Vumbi na maji ya kuoshea huacha kutu kwenye pini. Zisafishe na kuzikausha. Kwa kutumia mita iliyowekwa kwenye omu, pima kati ya pini ya umeme unaotoka kwenye betri na pini inayoupeleka kwenye taa na honi. Swichi ikiwashwa, kipimo kiwe karibu na sifuri. Ikizimwa, njia ikatike kabisa. Kipimo kinachorukaruka huonyesha kwamba vigusio vya ndani vimelika.

4. Taa na honi zikifanya kazi lakini plagi haitoi cheche, kumbuka kwamba katika pikipiki nyingi za zamani umeme wa plagi hautoki kwenye betri. Swichi huzima injini kwa kuunganisha waya maalumu na bodi. Fundi auchomoe waya huo kwa muda: cheche zikirudi, kasoro ipo kwenye swichi ya ufunguo, kwenye swichi ya kuzimia iliyo usukanini, au kwenye waya unaoziunganisha. Baada ya jaribio, waya urudishwe mahali pake.

Tunawatahadharisha watumiaji dhidi ya kuunganisha waya moja kwa moja na kuiacha pikipiki bila swichi. Njia hiyo humrahisishia mwizi kazi, na umeme unaobaki wazi humaliza betri usiku.

Vipimo vikithibitisha kwamba swichi ni mbovu, nenda dukani na swichi ya zamani ili ulinganishe idadi ya pini na mpangilio wa waya. Uliza kama kifaa ni halisi, dai risiti, na mwombe muuzaji aandike masharti ya kurudisha. Kwa fundi, kubalianeni bei kabla ya kazi na udai kifaa kilichotolewa.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza bidhaa bandia. Aliyeuziwa swichi bandia kwa jina la kifaa halisi anaweza kulalamika kwa Tume ya Ushindani. Atunze risiti, kifungashio na kifaa chenyewe, kwa kuwa bila hivyo ni vigumu kuthibitisha alichouziwa.

Hatimaye, usitundike fungu zito la funguo kwenye swichi. Uzito huo, katika barabara ya makorongo, huilika swichi mpya kabla ya wakati wake.