Usinunue diski moja kubwa, nunua mbili ndogo: nilichojifunza baada ya kupoteza daftari la wateja

Leo naongea na wale tuliotoka kwenye daftari la karatasi tukahamia kwenye mfumo wa kompyuta. Kama oda zako bado unaziandika kwa kalamu, soma tu, siku yako inakuja.

Mi nauza viatu na mikoba mtandaoni, na nina kastoo kadogo Sinza. Kuna kijana alinitengenezea mfumo wa oda, stoo na wateja wa lipa kidogo kidogo. Mfumo wote unakaa kwenye kompyuta moja pale stoo. Hiyo kompyuta ndiyo seva yetu, na daftari lililomo ndani yake ndiyo databesi. Simu yangu na ya dada anayefunga mizigo zote zinasoma humo.

Wakati wa kununua diski ya hiyo seva, nilikuta used ya TB 2 kwa bei karibu sawa na SSD mpya ya GB 240. Nikajiona mjanja, nimepata kubwa mara nane kwa hela ile ile! Miezi saba baadaye umeme ukakatika mchana, ukarudi, ukakatika tena. Nilipowasha kompyuta, diski ikawa inalia tik, tik, tik. Mfumo haukufunguka tena.

Bakapu? Ilikuwepo. Kwenye diski hiyo hiyo, folda nyingine.

Oda za wiki ile nilizipata kwenye meseji. Kilichoniumiza ni wateja 43 waliokuwa wanalipia kidogo kidogo. Nani kabakiza ngapi? Ikabidi nimwandikie kila mmoja anitumie meseji zake za malipo. Mama mmoja akanijibu, "Mwanangu, mimi bado unanidai 15,000, usisahau." Mwingine akasema alishamaliza, ila kabadilisha simu na meseji hana. Nikampa viatu vyake. Mpaka leo sijui kama kweli alikuwa amemaliza, na siwezi kumshuku, maana aliyepoteza daftari ni mimi.

Sasa tuingie kwenye somo.

1. UKUBWA SIO SHIDA YAKO
Oda moja ni maandishi tu: jina, namba ya simu, bidhaa, bei. Tuseme unapata oda 20 kwa siku, hizo ni 7,300 kwa mwaka. Hata kila moja ikichukua kilobaiti 10, mwaka mzima ni kama MB 73. Video moja ya bidhaa kwenye simu yako inaweza kuzidi hapo! Kinachojaza diski ni picha na video, na hizo ziweke sehemu nyingine. Kwa databesi ya duka dogo, GB 240 inakutosha miaka mingi.

2. CHUKUA SSD
Diski ya zamani, HDD, ina sahani zinazozunguka na kichwa kinachosogea kutafuta data. Databesi inasoma na kuandika vipande vidogo vidogo vilivyotawanyika, na HDD inamudu kama vipande 100 hivi kwa sekunde. SSD haina kitu kinachozunguka, na hata ya bei ya chini inamudu maelfu. Ya SATA inatosha kabisa, hauhitaji NVMe ya gharama. HDD haifai kutupwa, inafaa kutunzia picha na bakapu. Ila flashi na memori kadi usizifanye nyumba ya databesi, zinachoka haraka kwa kuandikwa andikwa kila saa.

3. USIOGOPE "SSD INAISHA"
Kila SSD ina kiwango cha data inachoweza kuandikwa, kinaitwa TBW. Ikiandikwa 80 TBW, maana yake ni TB 80. Duka likiandika GB 10 kwa siku, ambazo ni nyingi mno kwetu sisi, hesabu inakupeleka zaidi ya miaka 20. Kabla ya hapo itauliwa na umeme, joto au ubovu wake yenyewe. Kwa hiyo angalia zaidi garantii, na dai risiti.

4. UMEME NDIO ADUI
Diski huwa inashika data kwenye kumbukumbu ya muda kabla ya kuiandika moja kwa moja. Umeme ukikatika hapo katikati, oda ya mwisho inaweza kupotea, na ukiwa na bahati mbaya databesi nzima inaharibika. SSD za ofisi kubwa zina akiba ndogo ya umeme ndani ya kumalizia kuandika, ila za bei yetu nyingi hazina. Nunua UPS ndogo. Kazi yake ni kukupa dakika chache za kuzima kwa utaratibu, sio kufanyia kazi mchana kutwa. Hauna hela ya UPS? Laptop used yenye betri nzima inaweza kuwa seva yako, UPS imo ndani tayari.

5. ZIWE MBILI
Mwambie fundi akuwekee SSD mbili kwa mtindo wa kioo, wenyewe wanaita RAID 1. Kila kinachoandikwa huku kinaandikwa na kule. Moja ikifa, duka linaendelea kuuza mpaka ununue nyingine. Zichukue za kampuni tofauti, ili kama moja ina ubovu wa kiwandani, mwenzie asiwe nao.

Ila hapa wengi tunakosea: kioo sio bakapu. Ukifuta oda kwa bahati mbaya, inafutika kote kuwili. Mwizi akibeba kompyuta, kabeba zote mbili. Kama hela inatosha SSD moja na kitu kingine kimoja tu, anza na bakapu, kioo kitafuata.

6. BAKAPU ILALE NJE YA STOO
Kanuni ni 3-2-1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe mbali na duka. Yangu iko hivi: moja kwenye seva, moja kwenye HDD ya nje ninayoichomeka usiku na kuichomoa asubuhi, na moja inapanda mtandaoni. Usikopi mafaili ya databesi wakati mfumo unafanya kazi, yanaweza kutoka mabovu. Mwambie fundi atumie mysqldump kama una MySQL, au pg_dump kama una PostgreSQL, ijiendeshe yenyewe kila usiku. Na iwekee nywila, maana humo kuna majina na namba za watu, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

7. IFUNGUE UONE
Kila mwanzo wa mwezi narudisha bakapu kwenye laptop nyingine, natafuta mteja mmoja, naangalia deni lake. Likilingana na la kwenye mfumo, nalala. Bakapu ambayo hujawahi kuifungua usiihesabu.

8. UKINUNUA USED
Nenda na laptop yenye CrystalDiskInfo, ni programu ya bure. Inakuonyesha diski imetumika saa ngapi na kama ina sehemu zilizoharibika. Ukiona onyo la njano au nyekundu, rudisha. Na ukiona TB kibao kwa bei ya chakula cha mchana, ujue ukubwa ni wa kwenye stika tu. H2testw inaijaza kwa data na kukupa ukubwa wake wa kweli, ila ijaribu ikiwa tupu.

Mimi sasa nina SSD mbili za GB 240, HDD moja ya nje na UPS. Jumla imenigharimu zaidi ya ile diski ya TB 2, ndio. Lakini tangu hapo sijamwandikia mteja tena kumuuliza, "Hivi wewe nakudai shilingi ngapi?"

Kabla hujalala leo, jiulize: kompyuta yako ikiibiwa usiku huu, kesho utajua nani anakudai viatu vyake? Kama jibu ni hapana, anza na namba 6.