Si kila kifaa kinastahili namba

Hospitali ya wilaya ikipata programu ya kusimamia matengenezo, fundi wa vifaa tiba mara nyingi huanza kwa kunakili rejesta ya mhasibu. Hapo ndipo mambo huharibika. Mhasibu hufuata thamani: kwake kabati la mninga la mganga mfawidhi ni mali, lina bei na linachakaa. Fundi hana la kulifanyia. Likiingizwa kwenye programu litakaa miaka bila kadi hata moja ya kazi, huku likimzonga anayetafuta mashine iliyozimika usiku.

Swali la fundi ni jingine: kifaa hiki kisipoguswa, nani ataumia? Mwaka 1989, nchini Marekani, Fennigkoh na Smith waliligeuza swali hilo kuwa hesabu. Kazi ya kifaa hupewa alama hadi 10, hatari yake hadi 5, na mahitaji yake ya matengenezo hadi 5. Jumla ikifika 12, kifaa kinaingia kwenye mpango.

Chukua konsentreta ya oksijeni. Hunyonya hewa ya wodini na kuipitisha kwenye punje za zeolaiti zinazonasa naitrojeni; kinachotoka ni oksijeni ya takriban asilimia 93. Chujio likijaa vumbi, kompresa hupata joto. Zeolaiti ikila unyevu, oksijeni hupungua, ilhali mashine inanguruma vilevile na kigololi cha kipimo cha mtiririko kimesimama palepale. Muuguzi hawezi kuona tofauti hiyo kwa macho. Inahitaji kipimo cha fundi, na oksijeni ikishuka chini ya asilimia 82 mashine iondolewe wodini. Kwa hiyo hata zikiwa kumi za aina moja, kila konsentreta ipewe namba yake, maana kila moja ina saa zake za kazi na maradhi yake. Chujio na chupa ya maji havihitaji namba. Hivyo ni vipuri, vihesabiwe stoo.

Mizani ya watoto wachanga ndiyo inayonigombanisha na hesabu hiyo. Nikiipa 6 kwa kazi, 3 kwa hatari na 2 kwa matengenezo, inapata 11 na kubaki nje. Lakini dawa nyingi za mtoto mchanga hupimwa kwa kilo. Mizani ikizidisha gramu 300 kwa mtoto wa kilo 2, dozi inazidi kwa asilimia 15 na hakuna king'ora kitakacholia. Mimi naiingiza, na ratiba ya kuihakiki kwa jiwe la mizani.

Kwa vitanda, stendi za dripu na vipimajoto, mstari mmoja kwa kila wodi unatosha.

Vinavyosahaulika ni jenereta, pampu ya maji na swichi ya kubadilisha umeme, kwa kuwa haviitwi vifaa tiba na mara nyingi havina mwenyewe. Umeme ukikatika na swichi ikagoma, konsentreta zote zinazimika kwa mpigo. Swichi hiyo naiandika kabla ya oksimita yoyote.

Namba yenyewe ibandikwe kwenye mwili wa mashine, si kwenye mfuniko wa chujio: mashine zinazofanana zikisafishwa pamoja, mifuniko hubadilishana.