Siku Nzima Ndani ya Pango la Balve

Kaskazini mwa mji mdogo wa Balve, katika bonde la mto Hönne magharibi mwa Ujerumani, lipo pango la mawe ya chokaa ambalo mdomo wake ni mpana kiasi cha kuruhusu nuru ya mchana kupenya mbali ndani yake, na ambalo huweza kupokea watu wapatao 2,000 kwa wakati mmoja. Tangu mwaka 2015 pango hilo limekuwa makao ya tamasha liitwalo Prophecy Fest, linaloandaliwa na kampuni ya kurekodi muziki ya Prophecy Productions, na wengi wa wasanii wanaopanda jukwaani humo hupiga, au walianza kwa kupiga, muziki unaojulikana kama bleki metali ya kimandhari. Msomaji ambaye hajawahi kuusikia muziki huo anaweza kushangaa kuambiwa kwamba watu hufunga safari kutoka nchi za mbali ili kusimama tangu mchana hadi usiku mwingi ndani ya mwamba wenye baridi, wakisikiliza mayowe na magitaa yanayokwaruza. Hata hivyo, siku moja ya tamasha hilo huonyesha wazi jambo ambalo redio na simu haziwezi kulionyesha, nalo ni kwamba muziki huu hutungwa ukiwa na mahali ndani yake, na usipopata mahali pa kusikiliziwa hubaki nusu.

Metali ni tawi la muziki wa roki lililochipuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, ambamo sauti ya gitaa la umeme huzidishwa nguvu kwenye amplifaya hadi ikakwaruza kwa makusudi. Bleki metali ilipata jina lake kutokana na albamu ya mwaka 1982 ya bendi ya Kiingereza ya Venom, ikapata sauti yake kutoka kwa Bathory wa Sweden, kisha ikapewa sura inayojulikana leo na vijana wa Norwei mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakiwamo wa bendi za Mayhem, Darkthrone, Emperor na Immortal. Ngoma zake hupigwa kwa kasi kubwa, gitaa hurudia noti zile zile bila kupumua, mwimbaji hupiga ukelele badala ya kuimba, na maneno husimulia giza, kipupwe na mauti, mara nyingi yakiambatana na uadui wa waziwazi dhidi ya Ukristo.

Historia hiyo ina damu ndani yake, na haifai kufichwa. Mwezi Juni 1992 kanisa la kale la mbao la Fantoft, karibu na Bergen, liliteketezwa kwa moto, na makanisa mengine yakafuata. Mwezi Agosti 1993 Øystein Aarseth, mpiga gitaa wa Mayhem aliyekuwa na duka la muziki mjini Oslo, aliuawa kwa kisu na Varg Vikernes, mwanamuziki pekee wa mradi wa Burzum, ambaye mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha miaka 21. Linaloumiza zaidi kwa wapenzi wa muziki huu ni kwamba albamu za Burzum za miaka hiyo, zenye nyimbo ndefu zinazorudiarudia mdundo mmoja hadi msikilizaji akahisi amepotea njia, ni miongoni mwa mizizi ya tawi hili la kimandhari, linalojaribu kuchora mahali kwa sauti, kwa hiyo hakuna namna ya kueleza chanzo chake bila kumtaja mwuaji.

Mzizi huo, kwa bahati njema, haukuwa wa pekee. Bathory walikuwa wamekwisha kuonyesha katika albamu yao ya mwaka 1990, Hammerheart, kwamba metali inaweza kwenda polepole na kujaa upepo na bahari. Na mwaka 1995 vijana wa Ulver wa Norwei walitoa Bergtatt, kazi inayosimulia hadithi ya binti anayevutwa na viumbe wa chini ya ardhi hadi akaingia mlimani, ambamo ukelele na kasi hupishana na gitaa la kawaida lisilo na umeme pamoja na sauti za kiume zinazoimba kwa upole. Mwaka huo huo Summoning wa Austria walianza kujenga nyimbo zao juu ya kinanda na hadithi za mwandishi Tolkien, na tangu hapo tawi likazaa matawi. Drudkh wa Ukraine waliingiza mashairi ya nchi yao, ndugu wawili wa Wolves in the Throne Room wakaweka humo misitu ya jimbo la Washington nchini Marekani, na Mfaransa Neige, kwa jina la Alcest, akatumia sauti ile ile kali kuelezea ulimwengu wa nuru anaosema aliukumbuka tangu utotoni. Albamu ya kwanza ya Alcest ilitolewa mwaka 2007 na Prophecy, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1996 ili kutoa kazi ya bendi ya Kijerumani ya Empyrium, na ambayo tangu mwanzo ilijishughulisha na wanamuziki wanaoutazama msitu, moshi na majonzi kuliko wanavyomtazama shetani.

Kampuni yenye mwelekeo wa namna hiyo ilipotafuta ukumbi, pango la Balve lilikuwa chaguo lenye maana. Mwamba wake ulijengeka baharini katika enzi ya Devoni, mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita, kutokana na matumbawe na viumbe wengine wenye magamba, kisha maji yakautoboa. Waneanderthali, watu wa kale, waliishi humo na kuacha zana zao za mawe, na mifupa ya mamothi, wale tembo wenye manyoya wa nyakati za barafu, ilipatikana pamoja na ya dubu wa mapangoni. Katika karne ya 19 udongo wa pango, uliokuwa na rutuba ya mifupa hiyo, ulichimbwa na kumwagwa mashambani kama mbolea, hasara isiyoweza kufidiwa kwa elimu ya kale, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia pango likageuzwa kiwanda cha kivita. Siku hizi humo hufanyika michezo ya kuigiza, maonyesho ya hadithi za watoto na sikukuu ya kila mwaka ya chama cha wapiga shabaha cha Mtakatifu Sebastian, ambacho ni udugu wa Kikatoliki wenye desturi za kale. Kwamba muziki uliowahi kuchochea uchomaji wa makanisa unapokelewa katika ukumbi wa udugu kama huo, na wenyeji wakaishi nao kwa amani, ni jambo linalostahili kutafakariwa na kila anayedhani kwamba jamii haiwezi kusahihisha historia ya sanaa zake.

Siku ya tamasha huanza taratibu. Wageni waliofika kwa magari au kwa treni ifuatayo bonde la Hönne hupita kwenye vilima vya Sauerland, ambako tangu ukame wa mwaka 2018 misonobari mingi imeuawa na mbawakawa wanaotoboa magome, hata miteremko iliyokuwa ya kijani ikabaki mitupu. Na kwa hadhira ambayo nusu ya fulana zake zimechorwa miti, mandhari hiyo ina uzito wake. Majina ya bendi kwenye fulana hizo huandikwa kwa herufi zilizosukwa kama mizizi, kiasi kwamba asiyezoea hawezi kusoma hata moja. Mavazi ni meusi karibu yote, na wengi huvaa juu yake kizibao kilichoshonewa viraka vya bendi wanazozipenda, huku wenye uzoefu wakija na makoti hata kama jua linawaka, kwa kuwa ndani ya pango joto la nje halifiki.

Mchana hutengewa mara nyingi wanamuziki watulivu, wanaopiga gitaa kavu, fidla au filimbi, na huo si wakati wa kujaza nafasi tu, kwa sababu msikilizaji aliyekwisha kuzoeza sikio lake kwa sauti ndogo ndani ya mwamba hutambua mengi zaidi kelele inapoanza. Nuru ya nje hufifia kadiri saa zinavyosonga, taa za jukwaani huanza kuonyesha mikunjo ya jiwe juu ya vichwa vya watu, na bendi zenye magitaa mawili au matatu ya umeme huanza kushika zamu.

Kinachotokea hapo kinaweza kuelezwa kwa hesabu. Mpiga gitaa wa bleki metali huushambulia uzi mmoja kwa kwenda na kurudi bila kuachia, na katika mwendo wa midundo 200 kwa dakika, kila mdundo ukigawanywa mara nne, uzi hupigwa zaidi ya mara 13 kwa sekunde. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde; basi ile inayogonga ukuta ulio umbali wa mita 17 na kurudi huchukua sehemu ya kumi ya sekunde, na kabla haijamfikia mpigaji tayari pigo jingine limekwisha kutoka. Mapigo na miangwi yake hulaliana hadi sikio likashindwa kuyatenga, kama vile masikio yasivyoweza kuhesabu matone mvua kubwa inapopiga bati, na badala ya noti moja moja husikika wingu moja la sauti ambalo ndani yake melodia huonekana na kupotea. Katika ukumbi wa zege wenye kuta nyoofu mwangwi huo huwa adui wa fundi mitambo, maana hurudi kwa pamoja na kuvuruga kila kitu. Ndani ya pango, kuta zenye mabonde na vichuguu huutawanya kila upande, na sehemu ya sauti hutoka nje kupitia mdomo wa pango. Wanamuziki wa tawi hili huongeza mwangwi kwa mashine studioni ili kuiga nafasi pana, na Balve nafasi hiyo ipo yenyewe.

Nguvu ya sauti inahitaji tahadhari. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2022 kwamba katika kumbi za burudani wastani usizidi desibeli 100, na ikumbukwe kwamba kila nyongeza ya desibeli 3 huongeza nishati ya sauti maradufu, kwa hiyo vizibo vya masikio ni sehemu ya vazi kama yalivyo makoti.

Hadhira ya muziki huu hairukiruki sana. Wimbo wa dakika 12 usio na kiitikio haumpi mtu mahali pa kushangilia, na wengi husimama wamefumba macho, wakiyumba kidogo, kisha hupiga makofi pale tu kelele ya mwisho inapokuwa imekwisha kufa. Utulivu huo ndio heshima kubwa kuliko zote ambayo msanii anaweza kupewa, na ndio unaomtofautisha mpenzi wa tawi hili na mshabiki wa metali nyingine.

Wapo, kwa aibu ya wote, wanamuziki wanaotumia sifa za misitu na mababu kuficha itikadi za Kinazi, na wajibu wa waandaaji ni kuchunguza kila bendi kabla ya kuialika, kama ulivyo wajibu wa msikilizaji kujua fedha yake inakwenda kwa nani. Mapenzi ya ardhi hayamlazimu mtu kumchukia aliyezaliwa kwingine, na metali kali yenyewe imekwisha kuthibitisha hilo kwa kuvuka bahari. Mjini Nairobi, Martin Kanja na Sam Karugu waliunda kundi la Duma, wakarekodi albamu yao ya kwanza Kampala kwa kampuni ya Nyege Nyege Tapes, ikatoka mwaka 2020. Kazi hiyo ni ya kasi na ya mashine kuliko ya kimandhari, lakini hawakuazima theluji wala misonobari ya mtu, na ukelele uliomo ni wa jiji lao. Na mwaka 2024 Kanja, kwa jina la Lord Spikeheart, alitoa albamu yake mwenyewe, The Adept, kupitia kampuni aliyoianzisha, Haekalu.