Mgeni wa Jana Amfukuza Mgeni wa Leo

Juma lililopita nilikuwa mtaa wa Mowlem, huko Eastlands mjini Nairobi, nikingoja zamu yangu kwa kinyozi. Kinyozi mwenyewe ni kijana wa Kikongo. Mlangoni akapita Mrundi na sinia lake la njugu. Bwana mmoja aliyeketi kando yangu akaguna: "Hawa wageni wametujaa. Kazi zetu wamezimaliza. Warudi kwao!"

Nikamwuliza kwa upole, "Bwana, na wewe kwenu wapi?"

"Mimi ni wa Busia. Hapa nilikuja mwaka 2009."

Nikanyamaza. Kinyozi naye kimya, mashine yake tu ndiyo iliyokuwa ikisema.

Neno lile, wasomaji wangu, ni la kale. Marekani, ukiwatoa wenyeji wake wa asili na Waafrika waliopelekwa kwa minyororo, ni nchi ya watu waliohamia kwa hiari yao. Lakini kila waliotangulia waliwanunia waliofuata. Mwaka 1751 Benjamin Franklin aliandika akiwalalamikia Wajerumani wa Pennsylvania. Viazi vilipooza Ireland kuanzia mwaka 1845, Wairishi wakamiminika kwa njaa. Na katika miaka ya 1850 chama kilichoitwa Know-Nothing kikapiga kelele kwamba ni mafukara, tena ni Wakatoliki, wazuiwe.

Je, Mwairishi alipopata pa kuketi alifanyaje? Mwaka 1877 Denis Kearney, mzaliwa wa Ireland, alisimama San Francisco akiwahutubia vibarua kwamba Wachina lazima waondoke. Mwaka 1882 sheria ikawafungia vibarua wa Kichina mlango. Mwaka 1891 huko New Orleans umati uliwaua Waitaliano 11 kwa siku moja. Na sheria ya mwaka 1924 ikawabana watu wa Kusini na Mashariki ya Ulaya, wahesabiwe kwa mafungu; mafungu hayo hayakuondolewa mpaka sheria ya mwaka 1965. Kabla ya hapo, mwaka 1960, kitukuu cha wale Wairishi wenye njaa, John Kennedy, alikuwa amechaguliwa rais.

Sisi wa Pwani tusicheke, maana nyani haoni kundule. Tunakumbuka Likoni, Agosti 1997. Watu wa bara waliuawa, vibanda vyao vikachomwa, maelfu wakakimbia na watoto mgongoni. Malalamiko yetu juu ya ardhi na kazi yalikuwa ya kweli, hilo silikani. Lakini yule muuza mboga aliyechomewa kibanda ndiye aliyegawa ardhi ya Pwani? Waliogawa walilala salama majumbani mwao. Ndivyo ilivyokuwa San Francisco pia: mishahara ilikuwa mikononi mwa matajiri, na kipigo kikamwangukia Mchina mfua nguo.

Nasi wenyewe tu wageni wa watu. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, pale palikuwa malisho ya Wamaasai. Wazee wetu wa Pwani walikwenda kutafuta riziki, wakapanga vyumba Pumwani, wakajenga misikiti, wakazaa. Leo wajukuu wao hujiita wenyeji, na ni haki yao. Basi mtoto wa kinyozi wa Mowlem atajiita nani kesho?

Si kwamba serikali isiwe na sheria za mipaka. Kila nyumba ina mlango. Ninalosema ni kwamba mwenye njaa na amtazame aliyeshika ghala, asimkabe mwenye njaa mwenzake.

"Mzee, karibu," kinyozi akaniita. Nikakaa. Yule bwana wa Busia alikuwa wa pili yangu, naye hakuondoka, kwani kinyozi yule ana mkono mzuri. Njiani nikirudi nikaitunga beti hii:

Mgeni atoka huko, na mzigowe kichwani,
Kumbuka na babu yako, alifika ugenini,
Alipokewa kwa cheko, akakaa barazani,
Sasa zamu iko kwako, umkaribishe ndani.