Kabla ya Kununua Gari, Angalia Simu Yako

Mnunuzi wa gari huuliza hali ya injini, ulaji wa mafuta na bei ya vipuri. Siku hizi kuna swali jingine lenye uzito wake: je, gari hili litaelewana na simu yangu? Simu nyingi hutumia ama Android ya Google ama iOS ya Apple, na si kila mtengenezaji wa magari anayezihudumia zote mbili kwa usawa.

Simu hukutana na gari kwa njia mbili. Ya kwanza ni CarPlay ya Apple, iliyozinduliwa mwaka 2014, na Android Auto ya Google, iliyofuata mwaka 2015. Hapa kazi kubwa hufanywa na simu. Ukichomeka kebo ya USB, simu huchora ramani na kuituma kwenye skrini ya dashibodi kama video. Ukigusa skrini, gari huipelekea simu taarifa ya mguso huo, nayo simu hujibu. Kwa hiyo hata gari la miaka kadhaa iliyopita huonyesha ramani ya leo, kwa kuwa kinachosasishwa ni simu.

Njia ya pili ni programu ya mtengenezaji mwenyewe, ile ya kufungua milango au kuangalia chaji ya betri ukiwa mbali. Amri hutoka kwenye simu, hupita kwenye seva za kampuni, kisha hulifikia gari kupitia laini ya intaneti iliyofungwa ndani yake. Programu hiyo lazima itengenezwe kwa ajili ya Android na pia kwa ajili ya iOS, na irekebishwe kila mifumo hiyo inapobadilika. Ni kazi ya gharama, na ndiyo maana mfumo mmoja huweza kupewa kipaumbele na mwingine kuachwa usubiri.

Gharama si sababu pekee. BMW iliwahi kuwatoza wateja wa Marekani dola 80 kwa mwaka kwa kutumia CarPlay, ikaacha mwishoni mwa 2019; wenye Android walipata Android Auto mwaka 2020. Toyota ilishikilia mfumo wake kwa miaka, ikakubali CarPlay mwaka 2018 na kuanza kuweka Android Auto kwenye matoleo ya 2020. Mwaka 2023 General Motors ikatangaza kuziondoa zote mbili katika magari yake mapya ya umeme, iweke mfumo wake uliojengwa kwa teknolojia ya Google. Anayemiliki skrini ndiye anayemfikia dereva, data zake na malipo yake ya kila mwezi. Hicho ndicho kinachogombewa.

Afrika Mashariki tunanunua magari mengi yaliyokwisha kutumika Japani. Mengi hufika na menyu za Kijapani na ramani za Japani, na wamiliki huishia kung'oa redio na kufunga skrini nyingine. Ukichagua skrini hiyo, chukua inayopokea CarPlay na Android Auto pia. Gari hukaa na mtu miaka mingi kuliko simu, na huenda ukaliuza kwa mtu wa mfumo mwingine.

Kabla ya kulipa, unganisha simu yako palepale, fungua ramani na upige simu. Kama gari lina programu ya mtengenezaji, hakikisha inafanya kazi nchini mwako, na kwamba akaunti ya mmiliki wa zamani imefutwa. Isipofutwa, huenda bado anaona gari lilipo. Nao watengenezaji wana wajibu: aliyelipia gari kwa bei ileile anastahili huduma ileile, awe na simu ya Android au iPhone.